Uzi: Mbolea na uozaji wa mabaki ya mpunga katika majaruba ya Lindi na Mtwara

Jaruba la Kusini

Ndugu wakulima wa mpunga wa Lindi na Mtwara, nawasalimu.

Kila yanapokwisha mavuno ya Mei na Juni, katika majaruba (vipande vya shamba la mpunga vyenye matuta ya kuzuia maji) ya Kitere, ya Kinyope na ya bonde la Ruvuma linarudi swali lile lile: majani ya mpunga yaliyobaki tuyafanye nini? Wengi wanayachoma, wengine wanawaachia ng'ombe. Na tangu mpango wa mbolea ya ruzuku ulipoanza katika msimu wa 2022/2023, umeenea ushauri kwamba ukimwaga urea, yaani mbolea ya naitrojeni, juu ya majani hayo yataoza upesi. Ushauri huo una ukweli ndani yake, lakini ukweli wenyewe una masharti, na anayeufuata bila kuyajua masharti hayo anaweza kuipeperusha hewani mbolea aliyoinunua kwa fedha ya jasho. Ninachotaka kukieleza hapa ni kwamba mbolea ya naitrojeni huharakisha hatua za mwanzo za kuoza, tena pale tu penye unyevu na hewa, na kwamba kinachoamua zaidi ni wakati majani yanapoingia ardhini na wakati maji yanapoingia jarubani.

Tuanze na majani yenyewe. Majani makavu ya mpunga yana kaboni ya takriban asilimia 40, lakini naitrojeni yake ni kati ya asilimia 0.5 na 0.8 tu. Maana yake ni kwamba kwa kila kilo moja ya naitrojeni kuna kilo 50 hadi 80 za kaboni. Bakteria na kuvu wanaoozesha majani hayo wana miili yenye kilo moja ya naitrojeni kwa kila kilo nane au kumi za kaboni. Kaboni kwao ni ugali na naitrojeni ni mboga: ugali umejaa sinia, mboga ni kijiko kimoja. Wakikosa mboga ndani ya jani wanaitafuta kwenye udongo unaowazunguka, na hapo ndipo wanapogombea naitrojeni ile ile ambayo mche wa mpunga unaihitaji. Naitrojeni hiyo haipotei. Inafungika katika miili yao, na wanapokufa inarudi udongoni kidogo kidogo. Tatizo ni kwamba inafungika wakati mche ni mchanga na inarudi baadaye.

Kwa hiyo ukiongeza naitrojeni katika udongo wenye unyevu na hewa, vijidudu huzaliana upesi zaidi na sehemu laini za majani huoza mapema. Hadi hapo wanaotoa ushauri wa urea wako sahihi.

Sasa tazameni msimu wetu wa kusini. Sisi tuna mvua za msimu mmoja, zinazoanza kati ya mwishoni mwa Novemba na Desemba na kukoma Aprili au Mei. Tukishavuna, ardhi inakauka na kukaa kavu kwa miezi mitano hivi. Jani lililolala juu ya udongo mkavu wakati wa kiangazi halina maji ya kuwafanya vijidudu wafanye kazi, hata ukilimwagia mifuko mitatu ya urea. Isitoshe, majani yenyewe yana kimeng'enya kinachovunja urea na kuigeuza kuwa amonia, na umande wa alfajiri unatosha kuianzisha kazi hiyo. Jua likichomoza, amonia inaruka. Ndiyo maana urea iliyomwagwa juu ya majani yasiyofukiwa huweza kupotea zaidi kuliko iliyomwagwa juu ya udongo mtupu.

Kisha zinakuja mvua za Desemba. Kila mtu ana haraka, pawatila (trekta dogo la kusukuma kwa mkono) linapita, majani yote yaliyokaa bila kuoza tangu Juni yanazikwa, maji yanafungwa ndani ya jaruba, kuchavanga (kuvuruga tope) kunafanyika na miche inapandikizwa ndani ya wiki ile ile. Hapo tumeyakutanisha mambo mawili ambayo yangepaswa kutengana: njaa ya kwanza ya vijidudu na njaa ya kwanza ya miche.

Njia iliyo bora, kwa maoni yangu, ni kuyafukia majani mara tu baada ya kuvuna, wakati udongo bado una unyevu uliobaki. Katika udongo mweusi wa mbuga nafasi hiyo ni fupi sana, kwa sababu ukishaanza kupasuka jembe haliingii tena. Ukiikosa nafasi ya Juni, ipo ya pili: lima kwa mvua za kwanza, acha udongo ubaki na unyevu bila kufunga maji kwa wiki mbili hadi nne, ndipo ufunge maji na kuchavanga. Kitalu kisiwekwe mapema mno, ili miche isizeeke ikisubiri jaruba.

Karibuni tujadiliane.

Mama wa Narunyu

Ahsante sana kwa maelezo, kaka. Mimi sichomi majani, nayafukia. Lakini msimu uliopita miche yangu iligeuka njano wiki ya tatu baada ya kupandikiza, na jirani yangu aliyechoma ya kwake ilikuwa kijani tupu. Watu wakaniambia nimejiletea mwenyewe kwa kufukia majani. Nikaongeza urea, sehemu moja ikapona na sehemu nyingine ikabaki vile vile. Hilo la sehemu moja kupona na nyingine kukataa ndilo linalonisumbua, kwa sababu mbegu ni ile ile, SARO 5, na siku ya kupandikiza ni ile ile.

Jaruba la Kusini

Dada yangu, pole kwa usumbufu, na nashukuru kwa swali, kwa sababu umeeleza jambo ambalo wengi huliona na kulipa jina moja, kumbe ni mambo mawili au matatu.

Sehemu iliyopona kwa urea bila shaka ilikuwa na njaa ya naitrojeni niliyoieleza. Alama yake ni kwamba manjano huanzia majani ya chini, yaliyo ya zamani, na ukiung'oa mche unakuta mizizi yake ni mizima, myeupe au yenye rangi ya kutu kwa nje. Rangi hiyo ya kutu isikutishe. Ni madini ya chuma yaliyokutana na hewa ambayo mpunga wenyewe huishusha hadi mizizini.

Kuhusu sehemu iliyokataa, nina hakika ya kitu kimoja tu, kwamba dawa yake haikuwa urea. Ukiwahi tena kuiona hali hiyo, ingia jarubani bila viatu na ukanyage polepole. Kama mapovu yanapanda kila unapokanyaga na kuna harufu ya yai viza, ng'oa mche mmoja ukiwa na tope lake, uusuuze kwenye maji safi, uitazame mizizi. Mizizi myeusi, laini, inayokatika ukiivuta kwa vidole, inakueleza kwamba majani yanaoza chini ya maji bila hewa. Uozaji wa namna hiyo hutoa tindikali kama ile ya siki na nyinginezo, na hutoa hidrojeni salfaidi, ambayo ndiyo yenye harufu ile, na vyote viwili huidhuru mizizi michanga. Mche wenye mizizi ya namna hiyo hauwezi kula hata ukiwekewa mbolea ya kutosha. Dawa yake ni kuyaondoa maji kwa siku chache mpaka udongo uanze kukauka kwa juu, hewa iingie, kisha uyarudishe. Mara nyingi sehemu zinazopata shida hii ni zile za chini za jaruba, ambako maji hutuama na ambako majani yalisombwa na kurundikana wakati wa kuchavanga.

Yapo pia mawili ya kuyachunguza kabla ya kuyalaumu majani. Ukiona madoa ya rangi ya kutu kwenye majani wiki mbili hadi nne baada ya kupandikiza, huenda ni upungufu wa zinki, ambao huzidi katika udongo wenye chokaa uliofunikwa na maji na kujazwa mabaki mengi. Na ukiona michirizi na vidoadoa vya manjano kwenye majani machanga, mimea ikiwa imedumaa, fikiria kimyanga. Ugonjwa huo ni wa virusi, haupiti kwenye mbegu, lakini hubaki katika machipukizi ya visiki na katika magugu ya jamii ya nyasi. Shamba lililoshambuliwa vikali na kimyanga ni halali visiki vyake ving'olewe na kuharibiwa, wala sitambishia mtu anayefanya hivyo.

Mkulima wa Kitere

Mkuu, maelezo yako nimeyaelewa, lakini sisi wa skimu ya umwagiliaji tunataka hesabu. Nikipata gunia 20 za kilo mia kwa ekari, majani yanayobaki yana thamani gani, na nikitaka kuyaozesha kwa urea niweke kiasi gani? Na je, urea hiyo ni ya nyongeza juu ya ile ya kukuzia, au ni ndani yake?

Jaruba la Kusini

Hesabu ndiyo hii. Kwa kawaida uzito wa majani hukaribia uzito wa mpunga uliovunwa, kwa hiyo gunia 20 za kilo 100 zinakuachia takriban tani mbili za majani kwa ekari. Ndani yake kuna naitrojeni ya kilo 10 hadi 16, fosforasi kidogo sana, na potasiamu ya kilo 24 hadi 34, kwa sababu majani ya mpunga yana potasiamu ya asilimia 1.2 hadi 1.7. Mfuko wa kilo 50 wa MOP, mbolea ya potasiamu, una potasiamu ya kilo 25 hivi. Kwa maneno mengine, majani ya ekari moja yamebeba potasiamu ya mfuko mmoja au zaidi, na potasiamu hiyo haisubiri kuoza. Maji yakipita tu, inatoka kwenye jani na kuingia udongoni.

Naomba niliseme hili kwa uzito, kwa sababu linatugusa sana. Sisi tunakata mpunga, tunaukusanya mahali pamoja, tunaupura juu ya turubai, na majani yanabaki rundo moja kwenye kona. Tunalichoma rundo hilo au tunaliacha hapo. Potasiamu ya shamba zima imehamia kwenye kona hiyo. Msimu unaofuata mpunga wa pale unakuwa mrefu na wa kijani kibichi mpaka unalala, na ule wa katikati unadhoofika, na watu wanasema ardhi ya pale ina baraka. Kabla hujafikiria urea ya kuozeshea, tawanya rundo hilo shamba zima. Ukichoma, karibu naitrojeni yote huondoka na moshi, na sehemu ya salfa, ya fosforasi na ya potasiamu huondoka pia.

Sasa kuhusu urea. Ili majani yaoze katika udongo wenye hewa bila kuunyang'anya udongo naitrojeni, yangehitaji kuwa na naitrojeni ya asilimia 1.5 hivi, yaani kilo 30 kwa tani mbili. Yenyewe yana kilo 12, tuseme. Pengo ni kilo 18, na mfuko mmoja wa urea una kilo 23. Lakini huna haja ya kuliziba pengo lote, kwanza kwa sababu majani hayaozi yote kwa mara moja, na pili kwa sababu maji yakishafungwa hesabu inabadilika. Vijidudu wanaoishi bila hewa hupata nguvu kidogo kutoka katika kila kilo ya jani, hujenga mwili kidogo, na hivyo huhitaji naitrojeni kidogo. Chini ya maji, majani yenye naitrojeni ya asilimia 0.5 au 0.6 karibu yanajitosheleza. Kwa hiyo anayelima mapema na kuacha udongo na unyevu kwa wiki tatu anaweza kuweka robo hadi nusu ya mfuko wa urea kwa ekari, akaichanganya na udongo siku hiyo hiyo. Anayeweka DAP, mbolea ya kupandia, wakati wa kuchavanga ameshatoa naitrojeni ya kilo 9 kwa kila mfuko, na sioni sababu ya kumwongezea.

Na urea hiyo iwe ndani ya jumla ya mbolea yako ya msimu, isiwe juu yake. Ile inayofungika mwanzoni inarudi baadaye, mpunga unapobeba mimba. CAN, mbolea nyingine ya naitrojeni, usiitumie kwa kazi hii kabla ya kufunga maji, kwa kuwa nusu ya naitrojeni yake ni naitreti, na naitreti chini ya maji huvunjwa na bakteria ikageuka hewa.

Mjukuu wa Mbwemkuru

Shikamoo wakubwa. Nina swali ambalo huenda litaonekana geni kwa watu wa mikoa mingine. Huku kwetu kila nyumba ina salfa ya mikorosho, ile ya unga ya kuzuia ubwiri unga. Babu ana iliyobaki, na kuna mtu amemwambia kwamba salfa ni mbolea, aimwage kwenye majaruba ili majani yaoze. Je, ni sahihi? Nauliza pia kwa sababu nimesikia kwamba mbolea ya SA, ambayo ina salfa, inapunguza hewa chafu inayotoka kwenye mashamba ya mpunga.

Jaruba la Kusini

Marahaba, mjukuu. Swali lako ni la hapa hapa kwetu na linastahili jibu kamili.

Salfa ya unga ya mikorosho na salfa iliyo katika SA hazifanani kwa kazi. SA ina naitrojeni ya asilimia 21 na salfa ya asilimia 24, na salfa yake imekwisha kuwa salfeti, tayari kuyeyuka na kutumika. Ile ya unga ni salfa tupu, na ili iwe salfeti lazima kwanza bakteria wenye kuhitaji hewa waigeuze, na katika kugeuka huko kila kilo moja huzalisha tindikali ya salfuriki ya takriban kilo tatu. Udongo wetu wa kichanga hauna nguvu ya kuzuia tindikali hiyo. Na udongo ukizidi kuwa na tindikali, bakteria wengi waozeshaji hupunguza kasi, kwa hiyo babu atapata kinyume cha alichokitafuta. Mwombe aihifadhi kwa ajili ya mikorosho, mahali pakavu na mbali na watoto.

Kuhusu hewa, ulichosikia ni kweli. Majani yanapooza chini ya maji bila hewa, bakteria wa mwisho katika mnyororo hutengeneza methani, ambayo ni hewa inayochangia joto la dunia. Salfeti ikiwepo, wapo bakteria wengine wanaoitumia, na hao huwashinda watengeneza methani katika kugombea chakula. Methani inapungua. Lakini wanachokitoa wao ni hidrojeni salfaidi, yaani lile yai viza la dada wa Narunyu. Udongo wenye madini mengi ya chuma huifunga sumu hiyo. Mchanga mweupe wenye chuma kidogo hauwezi. Basi SA ni mbolea nzuri kwa mpunga, ila isiende pamoja na majani mengi ambayo hayajaoza, yaliyozikwa juzi.

Kwa anayeijali methani, wakati wa kufukia ni silaha kubwa kuliko aina ya mbolea. Miongozo ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, ya mwaka 2006 ya kukadiria hewa hizo inayahesabu majani yaliyochanganywa na udongo zaidi ya siku 30 kabla ya kuanza kilimo cha msimu kuwa na uzito wa 0.29, ikilinganishwa na 1 kwa yale yaliyochanganywa chini ya siku 30. Ni chini ya theluthi, kwa tofauti ya tarehe tu.

Binti Lukuledi

Naomba kuchangia nikiwa mwanafunzi wa kilimo. Katika masomo tumeelezwa kwamba naitrojeni ikiwa nyingi inaweza kuchelewesha uozaji badala ya kuuharakisha. Hilo linaafikianaje na maelezo ya mwanzo? Na je, kuna hatari kwamba mbolea za miaka mingi zitaimaliza mboji ya asili ya udongo?

Jaruba la Kusini

Yanaafikiana, dada, ukizigawa hatua za kuoza. Mwanzoni vinaliwa vitu rahisi, yaani sukari, wanga na selulosi, na hapo naitrojeni inasaidia. Kinachobaki ni lignini, ile sehemu ngumu kama ya mti, pamoja na silika, ambayo ni takriban asilimia 8 hadi 15 ya jani la mpunga na ndiyo inayokufanya ujikate kidole ukilivuta. Kuvu wanaovunja lignini hupunguza vimeng'enya vyao pale naitrojeni inapokuwa tele. Kwa hiyo mbolea ile ile iliyoharakisha nusu ya kwanza inaweza kuichelewesha nusu ya pili. Kwa mkulima hilo si hasara. Mabaki hayo magumu ndiyo yanayobaki kuwa mboji ya udongo.

Kuhusu swali la pili, kuna jambo ambalo wengi hawalitarajii. Vijidudu wenye njaa ya naitrojeni huchimba mboji ya zamani ili kuipata, na wakipewa naitrojeni huipunguza kazi hiyo. Mbolea inayotumiwa kwa kiasi pia hukuza mpunga mkubwa zaidi, wenye mizizi na majani mengi zaidi ya kurudisha ardhini. Huko Los Baños, Ufilipino, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, IRRI, imelima mpunga mfululizo katika shamba lile lile tangu miaka ya 1960, na mboji ya udongo wake haikuisha. Iliyoonekana kule ni shida ya namna nyingine: udongo unaofunikwa na maji karibu mwaka mzima hulimbikiza masalia ya lignini yanayoifunga naitrojeni, hata mpunga ukakosa chakula ilhali kipo. Kulima mapema na kuacha majani yaoze penye hewa kulisaidia. Kiangazi chetu kirefu kinatupa hewa hiyo bila gharama. Kinachotupungukia ni unyevu wa wiki chache tu.

Hatari ya kweli ya mbolea za miaka mingi kwetu ni udongo kuongezeka tindikali polepole, hasa kwa SA na urea katika mchanga. Pima udongo kupitia bwana shamba wako. TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Mlingano, Tanga, ndicho kituo chenye utaalamu wa udongo.

Mkulima wa Kitere

Nimeridhika na hesabu. Jambo la mwisho: nitajuaje kwamba majani yameoza kiasi cha kutosha kupandikiza, bila kubahatisha?

Jaruba la Kusini

Chukua chandarua kilichokwisha kazi, kikate, ushone vifuko vya ukubwa wa kiganja. Jaza kila kimoja majani makavu ya uzito sawa, uliyoyapima kwenye mizani ya dukani, uvizike kwa kina cha jembe siku unayolima, nusu upande ulioweka urea na nusu upande usiokuwa nayo, kila kimoja na kijiti cha alama. Kila wiki fukua kimoja kila upande, kisuuze tope, kianike mpaka kikauke kabisa, upime. Wakati huo huo vuta jani moja kwa mikono miwili: likikatika kwa urahisi bila kuvutika na likiwa limegeuka kahawia iliyoiva, moto wa kwanza wa uozaji umeshapita na unaweza kufunga maji. Likiwa bado la manjano na gumu kama kamba, lipe wiki nyingine.

Utakapopima, weka matokeo ya pande zote mbili hapa hapa kwenye uzi, na utaje aina ya udongo wako na tarehe ya mvua ya kwanza.